Hapa Vanga, Nani Si Mkuja?



Ndugu yangu, dada yangu, unayesoma haya kwa simu ukiwa Vanga, Jimbo, Lunga Lunga, Shimoni, Msambweni, Ukunda au popote ulipo: leo tusianze na serikali. Leo tuanze na ulimi wetu sisi wenyewe.

Umezoea kutusikia tukidai haki. Haki ya kijana Muislamu asisimamishwe njiani kwa sababu ya kanzu na ndevu. Haki ya kupata kitambulisho bila kuulizwa babu wa babu yako alizikwa wapi. Haki ya ardhi. Hayo hatujayaacha na hatutayaacha inshaAllah. Lakini anayedai haki ana mtihani wake: ile heshima anayoitaka kwa mwenye nguvu kumliko, je, yeye humpa jirani yake?

Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki yanayotumika Kenya wakati wa siasa. Yalikuwemo ya Kiingereza, ya Sheng na ya lugha za makabila. Angalia upande wa Kiswahili. Utakuta "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Na utakuta matatu ambayo hatuna haja ya kufafanuliwa, kwa sababu tunayasikia maskani, sokoni na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: "wakuja", "wabara waende kwao", na "kafiri".

Wallahi hili lafaa lituume. Sisi ndio tunaojisifu kuwa Kiswahili ni lugha ya adabu na Pwani ni nyumbani kwa ukarimu. Sisi ndio tunaoanza kila kauli kwa salamu ya amani. Halafu orodha ya maneno ya hatari ikiandikwa, maneno ya vinywani mwetu yamo.

Utaniambia, "Hayo ni maneno ya siasa tu, sisi twatania." Basi tuyatazame pamoja, tuanze na hilo la "mkuja".

MKUJA NI NANI?

Simama Vanga ujiulize: hapa nani hakuja?

Wavumba asili yao ni Vumba Kuu, na watawala wao, madiwani, walijinasibu na masharifu ambao wazee wao walivuka bahari. Washirazi, jina lenyewe linataja mji ulioko ng'ambo ya bahari. Wasegeju wana masimulizi yao marefu ya safari kutoka kaskazini. Wadigo, kama Mijikenda wenzao, husimuliwa na wazee kwamba walitoka Shungwaya wakateremka hadi kwenye kaya zao. Wapemba walikuja kwa mashua na pepo za kusi, na kisiwa chao hakiko mbali. Halafu kuna Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wagikuyu, Wamakonde: walimu, wavuvi, mafundi, wenye maduka, vibarua wa mashamba ya miwa na mkonge.

Hata mto wetu umetoka mbali. Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, unapita kwa watu wa kila namna, ndipo unafika kwetu kuingia baharini. Tunaoga maji yake, tunalima kingoni mwake, na mikoko inayolinda mji wetu inanyweshwa nao. Hakuna anayeuambia mto urudi kwao.

Kwa hiyo neno "mkuja" halituambii lolote kuhusu huyo anayeitwa hivyo. Linatuambia tu kwamba msemaji alifika mapema kidogo, au babu yake alifika mapema, na sasa anataka kufunga mlango aliopitia yeye.

Na mpaka tunaouona leo pale Lunga Lunga na Horohoro si wa tangu na tangu. Uliwekwa na wakoloni, Waingereza na Wajerumani, wakigawana bara letu. Ukanda huu wa pwani hadi mwaka 1963 ulihesabiwa kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mvuvi aliyetoka Pemba akatua Shimoni wakati huo hakuona kama ametoka nchi moja akaingia nyingine. Aliona amefuata samaki.

NENO HILI LILISEMWA MADINA

Sasa njoo kwenye dini, maana sisi twajiita watu wa Qur'ani na Sunna.

Mtume Muhammad, swallallahu alayhi wasallam, alizaliwa Makka. Madina alihamia. Kwa kipimo chetu cha maskani yeye na Maswahaba wake Muhajirina walikuwa wakuja. Walifika wengine hawana kitu, wakapokewa na Ansari, wakagawiwa nyumba na chakula. Kabla ya hapo kundi jingine lilikimbilia Afrika, Habasha, likapewa hifadhi na mfalme aliyekuwa Mkristo. Uislamu wetu ulihifadhiwa na watu waliokubali kupokea wageni.

Lakini hata Madina palitokea mtu wa kusema "waende kwao". Kisa hiki ni mashuhuri. Katika safari ya vita ya Bani Mustaliq, Muhajir mmoja alimpiga Ansari mmoja teke. Jambo dogo, la vijana. Lakini yule Ansari akapiga ukelele kuwaita Ansari wenzake, na yule Muhajir akaita Muhajirina wenzake. Ona hapo: ugomvi wa watu wawili ukataka kuwa ugomvi wa makabila mawili kwa sababu ya ukelele tu. Mtume akasikia, akauliza ni wito gani huu wa kijahilia, akawaambia wauache, kwani unanuka.

Zingatia jambo moja. Majina "Ansari" na "Muhajirina" ni majina mazuri, Allah mwenyewe ameyasifu katika Qur'ani. Hayakuwa matusi. Kilichonuka ni namna yalivyotumika: kukusanya watu upande huu na upande ule wapigane. Kwa hiyo usiseme, "Mimi nimetaja kabila tu, sijatukana." Jina zuri kabisa laweza kugeuzwa jiwe.

Haya, ndipo akatokea Abdullah bin Ubayy, yule ambaye historia inamjua kama kiongozi wa wanafiki. Akaona nafasi. Akawaambia watu wake kwamba wakirudi Madina, mwenye heshima atamtoa aliye duni. Yaani sisi wenyeji tutawafukuza hawa. Na kauli nyingine yake ilikuwa wasisaidiwe wala wasitumiliwe mali walio pamoja na Mtume, mpaka watawanyike wenyewe. Kauli zote mbili zimetajwa katika Suratul Munafiqun, aya ya 7 na ya 8. Nenda ukasome.

Sasa fikiria. "Wabara waende kwao." "Msinunue dukani kwao mpaka wahame." Hatukuyatunga sisi maneno haya. Yana umri wa zaidi ya miaka 1,400, na Qur'ani imeyahifadhi kama maneno ya wanafiki. Kijana Muislamu akiyaandika leo kwenye status yake akidhani anatetea Pwani na Uislamu, ajue anazungumza kwa ulimi wa nani.

Na katika kisa hicho hicho kuna kijana wa kuigwa. Aliitwa Zayd bin Arqam, alikuwa bado mdogo. Aliyasikia maneno ya bin Ubayy, na bin Ubayy alikuwa mtu mkubwa wa upande wake, wa Ansari. Zayd hakusema "huyu ni wetu, tumfichie". Alikwenda kuyafikisha. Bin Ubayy akaapa kwamba hakusema, watu wakamsadiki mkubwa wakamshuku mdogo. Zayd akakaa nyumbani na huzuni yake, mpaka ikateremka sura hiyo kumsadikisha yeye.

Hapo ndipo ushujaa ulipo, kijana mwenzangu. Kumkemea mtu wa kabila jingine ni rahisi, hata mwoga aweza. Kazi ni kumwambia mtu wako, mkubwa wako, mwanasiasa wa kwenu anayekununulia muguka na mafuta ya bodaboda: "Hapana, mzee wangu, hilo sitalisambaza."

TUMEYAONA HAPA KWETU

Kama uko chini ya miaka thelathini huenda hujui vizuri yaliyotokea 1997. Waulize wazee wako.

Kabla ya uchaguzi wa mwaka huo vikaratasi vilisambazwa Likoni na kusini mwake kuwaambia watu wa bara wahame. Maneno tu. Vijana wengi wa Kidigo walikusanywa na kulishwa kiapo katika Kaya Bombo. Walikuwa na malalamiko ya kweli: ardhi, kazi, kudharauliwa katika nchi yao. Waliowatumia walijua malalamiko hayo ni ya kweli, ndiyo maana walifaulu. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, polisi sita wakauawa, silaha zikachukuliwa. Nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa, Likoni hadi Diani na Ukunda. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika machafuko yale, na karibu 100,000 wakakimbia makwao. Wengi wao hawakuwa matajiri wenye hati za ardhi ya mtu. Walikuwa wauza mitumba, wafanyakazi wa hoteli, mama wa kuuza mboga.

Na Wadigo walipata nini? Ardhi ilirudi? Hapana. Vikosi vya usalama viliingia vijijini, vijana wakakamatwa ovyo na kuteswa, waliohusika na wasiohusika. Familia zikalala msituni. Watalii wakakimbia, hoteli zikafungwa, na waliopoteza kazi mwanzo ni watoto wa hapa hapa. Jina la kaya, mahali pa heshima pa wazee, likawa jina la hofu. Wakubwa waliotajwa kwenye ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi na kwenye ripoti za mashirika ya haki waliendelea na maisha yao.

Kumbuka mpangilio wake: kwanza lilikuja neno, neno likawa kikaratasi, kikaratasi kikawa panga. Mwaka 1997 kikaratasi kilihitaji mashine ya kuchapa na mtu wa kukipeleka usiku. Leo kimo mfukoni mwako, na kukisambaza ni kugusa skrini mara moja.

Jirani zetu Rwanda walipitia makubwa zaidi. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilikuwa ikiwaita Watutsi "mende" katika lugha yao, na watu wakasikia mpaka wakasahau kuwa wanaozungumziwa ni majirani. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti mwaka 2003.  Sehemu kubwa ya mashtaka ilihusu maneno. Sasa rudi kwenye ile orodha ya Kenya ya 2022: "mende" limo. Neno lile lile.

NENO LIKIWA OFISINI

Usifikiri neno linaua kwa panga peke yake. Lina njia nyingine ya polepole: linamfuta mtu kwenye karatasi.

Wapemba wameishi Shimoni, Vanga, Gazi na hadi Kilifi kwa miaka mingi. Watoto wamezaliwa, wameoa, wamezika wazazi wao hapa. Lakini bila kitambulisho huwezi kupata leseni ya uvuvi, huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kufungua akaunti ya benki, mtoto anakwama shuleni. Wengine walilazimika kuficha asili yao na kujiita kabila jingine ili wapate kipande. Hebu waza: Muislamu analazimika kukana jina la mababu zake, ilhali dini inamtaka ashike nasaba yake. Na mtaani wenzake wanamtania, "Mpemba, rudi kwenu." Januari 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza rasmi kuwa Wapemba ni moja ya makabila ya Kenya.

Wamakonde nao, wengi wakiwa hapa Kwale, wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Walikaa miongo na miongo bila uraia. Oktoba 2016 walitoka Kwale, wakafanya safari hadi Nairobi, wakiwa na mashirika ya haki, kwenda kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Akaagiza waandikishwe. Mapema 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Na sisi je? Miaka mingi kijana wa Kiislamu, akiwa Mswahili wa Vanga, Msomali wa Garissa, Mnubi wa Kibra au mwenye asili ya Kiarabu wa Mombasa, alikuwa akiombwa karatasi ambazo mwenzake wa sehemu nyingine hakuombwa, kisha akaitwa mbele ya kamati kuhojiwa kama ni Mkenya. Tulilia, tukasema ni ubaguzi. Na ulikuwa ubaguzi kweli.

Lakini sikiliza. Yule karani anayekutazama jina, akatazama buibui la mama yako, akauliza "nyinyi ni wa wapi hasa?" anatumia neno gani kichwani? Ni "mkuja". Ni lile lile tulilolitumia jana kwa fundi Mkamba na mvuvi Mpemba. Hatuwezi kuling'oa ofisini huku tunalimwagilia maji barazani.

Na tukumbuke tulipofanya vizuri, maana tumewahi. Januari 2001, polisi walipopiga watu risasi Pemba baada ya maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari wakafika Shimoni. Pwani hii ndiyo iliyowapokea. Siku ile tulikuwa Ansari. Basi tusiwe Ansari wa siku moja.

"LAKINI WAO NDIO WANAOTUTUKANA"

Kweli. Twaitwa wavivu. Twaitwa magaidi kila panapolipuka kitu, hata aliyelipua hatumjui. Anayezungumza Kiswahili kizuri anaambiwa ana maneno mengi bila kazi. Hayo ni makosa, na tutayapinga kwa jina la haki.

Ila Qur'ani imetukataza, katika Suratul Maida aya ya 8, chuki ya watu isitusukume tukaacha uadilifu. Na katika Suratul An'am aya ya 108 imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Allah kwa ujinga. Hii ndiyo hesabu ya dini: tusi lako litarudi, na litamrudia unayempenda zaidi.

Hapo ndipo neno "kafiri" linapoingia. Ndani ya elimu lina maana yake na mipaka yake, na masheikh wanalifafanua darasani. Lakini unapomtupia mama anayekuuzia sukuma wiki, kwa hasira, mbele ya watoto, hufundishi aqida. Unamtukana jirani. Wallahi mtu hatavutika na dini ambayo jina lake la kwanza ndani yake ni tusi.

Na tusijifanye kwamba tatizo ni la Waislamu na wasio Waislamu pekee. Ndani ya msikiti mmoja utasikia, "Ah, huyo Mdigo tu." "Huyo Mmakonde." "Mwarabu koko." "Babu yake alikuwa mtumwa." Kisha tunasimama safu moja, bega kwa bega, tunasema amin. Abu Dharr, radhiyallahu anhu, Swahaba mkubwa, alimtusi mtu kwa mama yake. Mtume hakumwambia "umekosea kidogo". Alimwambia bado ana ujahilia ndani yake. Kama Abu Dharr aliambiwa hivyo, mimi na wewe tutaambiwaje?

KUHESHIMU KABILA SI UKABILA

Wapo vijana wakisikia haya hukimbilia upande wa pili: "Sisi Waislamu hatuna kabila, tuache makabila yote." Kauli ina nia njema, lakini yaweza kuwa dhuluma nyingine. Suratul Hujurat aya ya 13 inasema Allah ametufanya mataifa na makabila ili tujuane. Suratur Rum aya ya 22 inahesabu tofauti za lugha na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Utafutaje kitu alichokiita Allah ishara?

Kwa hiyo Mdigo azungumze Chidigo chake na amfundishe mtoto wake. Mvumba ahifadhi Chivumba kabla hakijapotea. Mpemba ajiite Mpemba bila kuangalia nyuma. Mmakonde achonge vinyago vyake na atambe navyo. Ukitaka kujua mtu aitweje, muulize, halafu umwite hivyo hivyo. Aya ya 11 ya sura hiyo hiyo ya Hujurat imekataza watu kudharau watu na kupeana majina ya kuudhi. Kabila lako ni jina la kujulikana kwalo. Ukilifanya cheo cha kumkalia mwenzako, umeliharibu.

"BASI TUNYAMAZE KUHUSU ARDHI?"

Hapana! Wala usimruhusu mtu akutumie makala haya kukunyamazisha. Dhuluma ya ardhi Kwale ipo. Wapo waliozaliwa juu ya ardhi, wakazeeka juu yake, na bado wanaitwa maskwota. Kusema hivyo ni haki, na kunyamaza ni makosa.

Lakini tazama tofauti ya kauli mbili. Ya kwanza: "Wabara wametumaliza ardhi, waende kwao." Ya pili: "Shamba hili la kijiji chetu lilipewa hati mwaka fulani, na ofisi fulani, kwa jina la fulani au kampuni fulani. Wanakijiji hawakuitwa kwenye kikao. Twataka faili lifunguliwe."

Kauli ya kwanza inamtisha mwalimu wa shule ya msingi asiye na hata ploti moja. Aliyejimilikisha ekari 500 haimgusi, yeye hata hasomi grupu lenu. Pengine ni wa kwetu huyo huyo, mwenye jina la Kiislamu. Kauli ya pili inamgusa, na inamkosesha usingizi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ipo sheria ya mwaka 2016 ya kukusaidia kuzidai. Tume ya Taifa ya Ardhi ina jukumu la dhuluma za kihistoria. Tumia hayo. Taja kosa, taja ofisi, taja mwaka, leta ushahidi. Kabila halijawahi kutia sahihi hati ya shamba. Anayetia sahihi ni mtu.

Na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 33, inayokupa uhuru wa kusema, imesema uhuru huo haufiki kwenye matamshi ya chuki na uchochezi. Sheria ya Uwiano ya mwaka 2008 inaadhibu matamshi hayo kwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mwanasiasa akishtakiwa ana wakili. Wewe uliyefowadi voisi yake una nani?

KABLA HUJABONYEZA

Uchaguzi wa 2027 uko njiani. Watakuja na fulana, na pesa ndogo ndogo, na voisi za usiku. Jiandae sasa, kwa mambo haya machache.

Hakikisha kwanza. Aya ya 6 ya Hujurat inaamrisha kuchunguza habari kabla hamjawadhuru watu bila kujua. Picha ya nyumba inayoungua, ni ya wapi, ya lini, nani kaipiga? Hujui, basi isikae kwenye simu yako.

Badilisha jina. Chukua ile posti, toa "Wabara" au "Wakristo", weka "Waislamu" au "Wadigo". Ikikuuma, ifute.

Tenganisha mtu na kabila. Mwizi aitwe mwizi. Anayetoka kabila lake hajaiba.

Ukiwa msimamizi wa grupu, simamia. Mtu akiweka tusi la kabila, mfuate faragha kwanza, mwambie kwa upole: "Ndugu yangu, hili tuliondoe." Akikataa, litoe, na ueleze kwa nini. Ukimya wako ndio unaompa nguvu.

Na ukiona maneno yamekuwa mpango, mahali pametajwa, siku imetajwa, usikae nalo. Mfikishie mzee wa mtaa, imamu, chifu, shirika la haki unaloliamini. Mkumbuke Zayd. Hakuwa msaliti wa watu wake. Aliwakinga.

Mu'adh bin Jabal alishangaa kuambiwa kwamba tutaulizwa kwa tunayoyasema. Mtume akamweleza kuwa watu huvutwa kifudifudi Motoni kwa mavuno ya ndimi zao. Leo ulimi una vidole kumi. Mavuno yamezidi, na kila neno lina saa yake na tarehe yake, na nakala yake iko kwenye simu za watu.

Basi tukitaka Kenya isituite wakuja, hapa Vanga tulizike sisi kwanza hilo neno. Anayelala njaa pamoja nasi, anayezika pamoja nasi, ambaye mtoto wake anakaa dawati moja na wetu, huyo ni wa hapa. Kama ana dini yetu ni ndugu, kama hana ni jirani, na wote wawili tutaulizwa kuwahusu.

Allah atuhifadhie ndimi zetu, na atuhifadhie Pwani yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.